Bwana Mukubwa wa Ibambi

Hapa Himbi tunajua mupira wa miguu, voleyi na basketi. Kriketi hatuichezi. Lakini mchezaji mmoja mkubwa wa kriketi alizikwa katika inchi yetu, kule Ibambi, upande wa Isiro, na wengi kati yetu tulikuwa hatujasikia jina lake. Njo maana tunaandika.

Charles Thomas Studd alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa tajiri, mali yake aliipata India. Charles alisoma Eton, kisha Cambridge, na pale yeye na ndugu zake wawili walikuwa kapiteni wa ekipe, mmoja nyuma ya mwingine, miaka tatu.

Katika kriketi wawili wanasimama uwanjani na mbao zao, lakini ni mmoja tu anayetupiwa mupira. Tushike neno hilo. Tarehe 29 Agosti 1882, kule London, Uingereza ilitafuta pointi 85 tu ili kuishinda Australia. Studd, mupigaji hodari wa mwaka ule, kapiteni alimuweka karibu na mwisho. Akaingia, akasimama upande wa pili, mwenzake akatolewa, mchezo ukaisha na pointi 77. Studd hakutupiwa hata mupira moja! Gazeti moja likatangaza kwa mzaha kifo cha kriketi ya Uingereza, na kwamba majivu yake yatapelekwa Australia. Mpaka leo inchi hizo mbili zinashindania Majivu.

Mwaka 1885 aliacha yote, akaenda China pamoja na wenzake sita kuhubiri. Urithi wa baba yake akaugawa. Kisha akafanya kazi India. Mwaka 1913, akiwa na miaka 52 na ugonjwa wa pumu, aliingia Kongo pamoja na kijana Alfred Buxton. Walianza Niangara, wakafika Nala, na nyuma Ibambi. Watu walimuita Bwana Mukubwa. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha watu wa kule, si kile cha Zanzibar.

Sasa iko jambo lililotugombanisha sisi wenyewe tulipoandika. Muke wake, Mama Priscilla, alikuwa mgonjwa wa moyo, akabaki Uingereza kuangalia kazi ya misioni. Studd aliondoka mara ya mwisho mwaka 1916 na hakurudi tena. Walionana mara moja tu, mwaka 1928, mama alipofika Ibambi kwa juma mbili. Mwaka uliofuata akafa. Wamoja wetu wanasema huo ni utii, wengine wanasema ni ugumu wa moyo. Hatukupatana. Hata na komite yake ya Uingereza muzee huyu alikosana siku za mwisho, na wamisionari wengine walimuacha.

Alikufa Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akazikwa palepale. Kanisa lililotoka katika kazi ile ni CECCA/16.