Agathe Uwilingiyimana: Waziri Mkuu ambaye hotuba yake haikusikika redioni

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 1994, wakazi wa Gatsata, kama wenzao wa mitaa mingine ya Kigali, walitegemea redio iwaambie nani anaongoza nchi. Usiku uliotangulia ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa naye akafariki. Tangazo lililosomwa lilikuwa la jeshi: watu wasitoke majumbani. Aliyestahili kuzungumza, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, alikuwa amezingirwa nyumbani kwake Kiyovu, ng'ambo tu ya bonde la Nyabugogo.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, kusini mwa Rwanda, akafundisha kemia Butare kabla ya kuingia serikalini. Alipokuwa Waziri wa Elimu, kuanzia mwaka 1992, alifuta mgawo wa kikabila uliokuwa ukiamua ni mtoto gani aendelee na masomo. Tangu hapo nafasi zikatolewa kwa alama za mtihani. Pengine hakuna uamuzi wake uliogusa kaya nyingi kuliko huo, wala uliomzidishia maadui. Mwaka huohuo watu wenye silaha walimvamia nyumbani.

Tarehe 18 Julai 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Rwanda. Chama chake, MDR, kiligawanyika, Rais naye hakumtaka, lakini akabaki ofisini akingoja serikali ya mpito iliyoahidiwa na Mkataba wa Arusha. Cheo kilikuwa chake. Bunduki zilikuwa kwa wengine.

Marekani, Rais Kennedy alipouawa tarehe 22 Novemba 1963, makamu wake Johnson aliapishwa ndani ya ndege baada ya saa mbili na dakika chache, na majeshi yakamtii. Kigali haikuwa hivyo. Usiku ule wa tarehe 6, Kanali Théoneste Bagosora alikutana na maofisa wenzake. Jenerali Roméo Dallaire wa Umoja wa Mataifa alipowakumbusha kwamba serikali sasa ni ya Waziri Mkuu, Bagosora alikataa katakata.

Mama huyo alikusudia kwenda Redio Rwanda kulihutubia taifa. Wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumsindikiza walinyang'anywa silaha, wakauawa katika Kambi Kigali. Yeye alikimbilia makazi jirani ya watumishi wa Umoja wa Mataifa, akakamatwa na kuuawa asubuhi hiyo pamoja na mumewe. Watoto wao 5 walikuwa wamefichwa; Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal ndiye aliyewaokoa.

Tarehe 9 Aprili serikali nyingine iliapishwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea kwa takriban siku 100.

Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha, mji uleule wa mkataba, ilimtia Bagosora hatiani, kifo cha Waziri Mkuu kikiwa miongoni mwa makosa yake. Kifungo cha maisha kilipunguzwa baadaye kuwa miaka 35. Uwilingiyimana amezikwa Remera, kwenye makaburi ya mashujaa wa taifa.