Thomas Mantell: Rubani aliyekufa mazoezini akifukuza kitu kisichojulikana angani

Januari 7, 1948, ndege nne za kivita aina ya Mustang ziliruka kutoka Marietta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Zilikuwa zinapelekwa Louisville, jimbo la Kentucky, na marubani waliitumia safari hiyo kufanya mazoezi ya kushika njia wakiruka chini chini. Hakukuwa na adui. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha zaidi ya miaka miwili nyuma.

Kiongozi wa msafara huo alikuwa Kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25. Hakufika Louisville.

Hadi leo jina lake linatajwa duniani kote, lakini mara nyingi kwa hadithi ya mitaani: eti aliuawa na viumbe wa sayari nyingine. Ukweli ni kwamba kilichomuua hakikutoka mbali hivyo. Alikosa hewa.

Alinusurika Normandy

Mantell alizaliwa Juni 30, 1922 katika mji mdogo wa Franklin, Kentucky, na akasoma Louisville. Marekani ilipokuwa vitani, mwaka 1942 alijiunga na jeshi, na mwaka uliofuata akahitimu urubani.

Hakupewa ndege za mashambulizi. Kazi yake ilikuwa kuendesha ndege za kubeba askari wa miavuli na kuvuta ndege zisizo na injini zilizojaa wanajeshi. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Ndege hizo zilikwenda polepole, hazikuwa na bunduki, na zilipita juu ya mizinga ya Wajerumani.

Juni 1944 alishiriki uvamizi wa Normandy, Ufaransa, na akatunukiwa nishani ya heshima ya marubani. Wenzake wengi hawakurudi, yeye alirudi.

Mwaka 1947 alijiunga na kikosi kipya cha anga cha Walinzi wa Taifa wa Kentucky. Hiki kilikuwa kikosi cha akiba, na wengi wake walikuwa raia wenye kazi zao ambao waliruka kwa zamu ili wasisahau ujuzi. Mantell sasa alikuwa na mke na watoto wawili wadogo wa kiume.

Kikosi kilipewa Mustang, ndege moja ya kasi iliyosifika sana vitani. Mantell alikuwa na zaidi ya saa 2,000 angani, ila nyingi zilikuwa za ndege kubwa za mizigo. Kwenye Mustang saa zake zilikuwa hazijafika hata 100.

Simu kutoka kwa polisi

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kukumbuka hali ya wakati ule. Juni 1947 rubani mmoja wa kiraia, Kenneth Arnold, alitangaza kwamba ameona vitu vya ajabu vikiruka kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Magazeti yakaviita visahani vinavyoruka. Wiki chache baadaye likaja tukio la Roswell. Marekani nzima ikawa inaangalia juu.

Basi mchana ule wa Januari, polisi wa Kentucky walianza kupokea simu. Watu wa miji tofauti walikuwa wanaona kitu kikubwa, cheupe na cha mviringo kikiwa juu sana angani. Taarifa zikafika kwenye uwanja wa ndege wa Godman, ndani ya kambi ya Fort Knox, ile inayojulikana kwa kuhifadhi dhahabu ya Marekani.

Maofisa wa uwanja huo wakatoka nje wakatazama kwa darubini. Hata mkuu wa kituo alikiona. Wapo waliokifananisha na mwavuli wa askari, wengine na koni ya aiskrimu. Hakuna aliyejua ni nini.

Karibu saa 9 kasoro robo alasiri, ndege nne za Mantell zikapita eneo hilo. Mnara wa Godman ukawaomba, kama wana nafasi, waende kuangalia.

Mmoja wa marubani alikuwa na mafuta kidogo, akaendelea na safari yake. Mantell akageuza na wenzake wawili, Clements na Hammond, wakaanza kupanda.

Hapo ndipo mazoezi yalipogeuka kuwa kitu kingine.

Barakoa moja kwa watu watatu

Safari iliyopangwa ilikuwa ya chini, ambako mtu anapumua bila shida. Kwa hiyo ndege hazikuandaliwa oksijeni kama inavyofanywa kwa safari za juu. Kati ya marubani hao watatu, ni Clements pekee aliyekuwa na barakoa ya oksijeni.

Mustang haikuwa kama ndege za abiria za leo ambazo hewa yake ndani inashindiliwa. Ukipanda nayo, unapanda na hewa nyembamba ya huko huko juu. Kanuni za jeshi zilikataza rubani kwenda juu sana bila oksijeni, na Mantell alizijua.

Walipofika kama futi 22,500, karibu mita 6,900, tayari walikuwa wamekipita kimo cha kilele cha Kilimanjaro kwa takriban kilomita moja. Clements na Hammond wakaona haifai, wakageuza. Mantell akaendelea peke yake. Alikuwa ametoa taarifa redioni kwamba kitu hicho bado kiko juu yake, na kwamba atapanda hadi futi 25,000, akae dakika kama 10, asipokikaribia ataacha.

Baada ya hapo redio ikanyamaza.

Hewa inapopungua

Katika kimo cha futi 18,000, mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa usawa wa bahari. Ukifika futi 25,000 bila oksijeni, una dakika kati ya 3 na 5 tu za kuweza kufikiri na kufanya jambo la maana.

Ubaya ni kwamba mwili haukupi onyo la maumivu. Watu wengi hujisikia vizuri tu, hata furaha na ujasiri. Akili inayotakiwa kukwambia ushuke ndiyo inayozimika kwanza. Ndiyo maana si rahisi kumlaumu Mantell kwa dakika zake za mwisho. Uamuzi wake wa kuanza kupanda ulikuwa wake. Ule wa kuendelea, huenda ulifanywa na ubongo ambao tayari ulikuwa umekosa hewa.

Wachunguzi waliamini kwamba alizimia, na ndege iliyokuwa imeelekezwa juu ikaendelea kupanda yenyewe, pengine hadi karibu futi 30,000. Kisha ikainamisha pua na kushuka kwa kasi kubwa mno hadi ikaanza kuvunjika ikiwa bado hewani.

Ilianguka shambani karibu na Franklin, mji uleule aliozaliwa. Mwili wake ulikutwa ndani ya mabaki.

Wakati huo Clements alikuwa ameshatua, akaongeza mafuta na oksijeni, akaruka tena kumtafuta kiongozi wake. Alipanda hadi futi 33,000. Hakuona chochote.

Uvumi ukachukua nafasi

Magazeti yaliipamba habari hiyo. Zikazuka hadithi kwamba mwili haukupatikana, kwamba ndege ilitobolewa matundu, kwamba alipigwa na mionzi. Hakuna hata moja iliyothibitishwa.

Jeshi nalo lilichangia. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba rubani alifukuza sayari ya Zuhura. Ni kweli Zuhura ilikuwa angani, ila mchana ule ilikuwa hafifu mno kuonekana na umati wa watu kama kitu kikubwa cheupe. Wananchi hawakuridhika, na ofisi ikitoa jibu lisiloingia akilini, mtaa hutunga la kwake.

Miaka ya mwanzo ya 1950, Kapteni Edward Ruppelt, aliyekuwa anaongoza uchunguzi wa jeshi kuhusu vitu visivyotambulika angani, alilifungua upya faili hilo. Maelezo yaliyomwingia zaidi yalikuwa puto.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na mradi ulioitwa Skyhook. Maputo yake makubwa ya plastiki yalibeba vifaa vya utafiti hadi zaidi ya futi 60,000, na kwa chini yalionekana meupe, yakiwa na umbo lililofanana sana na ile koni ya aiskrimu. Mradi huo ulikuwa wa siri. Mantell hakuujua, na waliomtuma kuangalia hawakuujua pia.

Ruppelt hakupata kumbukumbu ya kuthibitisha kwa asilimia 100 kwamba puto fulani lilikuwa pale saa ile. Hata hivyo, hayo ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi hadi sasa. Kama ni kweli, basi Mantell alikufa akifukuza mali ya serikali yake mwenyewe, iliyokuwa juu kuliko Mustang yoyote ingeweza kufika.

Somo lililobaki

Ukosefu wa oksijeni haukuishia kwa Mantell. Mwaka 1999 ulihusishwa na kifo cha mchezaji gofu maarufu Payne Stewart, ndege yake ndogo ilipopoteza hewa ikaruka masaa kadhaa bila mtu mwenye fahamu. Mwaka 2005 ndege ya abiria ya shirika la Helios ilianguka Ugiriki kwa sababu kama hiyo, na watu wote 121 wakafariki.

Ndiyo maana marubani wa kijeshi leo huingizwa kwenye chumba maalumu ambamo hewa inapunguzwa makusudi, ili kila mmoja azijue dalili zake kabla hajakutana nazo angani. Ndiyo maana pia wahudumu wa ndege husisitiza abiria avae barakoa yake kwanza kabla ya kumsaidia mwingine.

Thomas Mantell amezikwa katika makaburi ya kitaifa ya Zachary Taylor, Louisville. Alikuwa mwanachama wa kwanza wa kikosi cha anga cha Walinzi wa Taifa wa Kentucky kufa akiwa kazini.