Armstrong, gwiji wa jazi aliyeiacha korneti akashika tarumbeta

LOUIS Armstrong, mwanamuziki aliyeipa tarumbeta hadhi kuu katika jazi, hakuanza na ala hiyo. Kwa zaidi ya mwongo mmoja alipuliza korneti, ala ya jamii moja na tarumbeta lakini fupi kwa umbo.

Alizaliwa Agosti 4, 1901 jijini New Orleans, Marekani, katika familia fukara. Usiku wa kuukaribisha mwaka wa 1913 alifyatua bastola barabarani, akakamatwa na kupelekwa katika makao ya kurekebishia tabia watoto Weusi. Humo ndimo alimofunzwa korneti na kuingizwa katika bendi.

Mnamo 1922, Joe Oliver, mlezi wake kimuziki, alimwita Chicago. Miaka miwili baadaye alijiunga na bendi ya Fletcher Henderson jijini New York, kisha akarejea Chicago mwaka wa 1925.

Huko alijiunga na okestra ya Erskine Tate, ambamo mwenzake alipiga tarumbeta. Inasimuliwa kuwa korneti ilionekana kutooana nayo, kwa sauti na hata kwa sura jukwaani, ndipo Armstrong akashauriwa abadilishe. Alifanya hivyo mnamo 1926 hivi.

Tofauti ya ala hizo haikuwa ya sura tu. Bomba la korneti hupanuka polepole na kutoa sauti laini. La tarumbeta huwa na upana mmoja katika sehemu kubwa, nayo sauti yake ni kali na hupenya. Kwa mtu aliyetakiwa kusikika juu ya okestra nzima ukumbini, tarumbeta ilifaa zaidi. Utangulizi wake katika rekodi ya West End Blues ya 1928, akipuliza peke yake, ungali funzo kwa wapigaji.

Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na gharama. Armstrong alipiga noti za juu usiku baada ya usiku, akiikandamiza ala mdomoni hadi midomo ikapasuka na kuota makovu. Mwishoni mwa 1934, akiwa Ulaya, ilimbidi aiweke chini tarumbeta kwa miezi kadhaa. Aliporejea mwaka uliofuata, upigaji wake ulipunguza madoido, nao uimbaji ukazidi kumsaidia.

Mnamo 1960 alizuru Afrika, na Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji aliyotumbuiza.

Aliaga dunia Julai 6, 1971 nyumbani kwake Queens, New York, akiwa na umri wa miaka 69. Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka wa 2003.

Maisha yake yanawaachia wapigaji wosia mmoja: ala huchaguliwa kwa kazi inayoikabili, lakini tarumbeta ikichakaa hununuliwa nyingine, midomo haina duka.