Mtakatifu Eligius na farasi mgonjwa

Karibu na mwaka 588, katika kijiji cha Chaptelat, jirani na mji wa Limoges katika nchi iitwayo leo Ufaransa, alizaliwa Eligius, ambaye Wafaransa humwita Eloi. Baba yake alipoona ya kuwa mikono ya mwanawe ina ustadi, alimpeleka kwa mfua dhahabu ajifunze kazi. Ndipo mfalme Clotaire II alipompa dhahabu ya kufanyia kiti cha enzi. Eligius hakujiwekea hata chembe. Kwa dhahabu ile ile alifanya viti viwili. Mfalme akaustaajabia uaminifu wake, akampa kazi katika nyumba yake.

Mali aliyoipata hakuilimbika. Alikwenda mahali watumwa walipouzwa, akawakomboa 20, 30, hata 100 kwa mara moja. Mwaka 632 alianzisha monasteri ya Solignac. Mwaka 641 aliwekwa kuwa askofu wa Noyon na Tournai, mji ulio sasa katika Ubelgiji, akawahubiri watu wa Flandria. Alifariki tarehe 1 Desemba 660.

Kitabu cha kale cha maisha yake chasimulia habari za farasi wake, mnyama mpole sana. Baada ya kifo cha Eligius, farasi huyo alibaki kwa abati mmoja. Lakini askofu mpya alimtamani, akamchukua kwa nguvu ya cheo chake. Abati hakubishana naye. Alikwenda kusali kaburini pa Mtakatifu. Punde farasi akashikwa na ugonjwa wa miguu, akachechemea, na upole wake ukageuka ukali. Akaitwa mganga wa wanyama. Akamtunza kwa dawa zake, lakini pasipo faida. Askofu akampa mama mmoja mwenye cheo; naye alipompanda alitupwa chini, akaumia, akamrudisha kwa askofu.

Nini basi kifanyike? Padri mmoja alimshauri askofu amrudishe farasi kwa abati. Askofu akakubali, akamrudisha. Ndipo farasi akapona, akawa mpole kama zamani.

Baadaye watu walitunga hekaya nyingine: ya kwamba Eligius aliukata mguu wa farasi mkaidi, akaupigilia kiatu cha chuma, kisha akaurudisha mahali pake. Wachoraji wengi wameichora. Hata hivyo, hiyo ni hekaya tu. Wafua vyuma na waganga wa farasi wamemchagua Eligius kuwa msimamizi wao, na wakulima wa Flandria wamezoea kuwaleta farasi wao wabarikiwe katika sikukuu yake.

Dawa ya mganga ni njema, na mnyama mgonjwa astahili kutunzwa. Lakini dawa haifuti deni. Amri ya saba yakataza kuiba. Tena yaamuru kitu kilichochukuliwa kirudishwe kwa mwenyewe. Aliyeshika cha mwenziwe hapati amani kwa kukitunza vizuri, bali kwa kukirudisha.