Emily Hobhouse: Sabuni kwa Mke wa Adui

Soma: Mithali 25:21; Luka 10:25–37

Emily Hobhouse alizaliwa mwaka 1860 huko Cornwall, Uingereza, binti wa kasisi wa Kianglikana.

Mwaka 1899 vita vilizuka Afrika Kusini kati ya Uingereza na Makaburu. Ili kuwanyima wapiganaji chakula na maficho, jeshi la Uingereza liliteketeza mashamba yao, likawakusanya wanawake na watoto katika kambi za mahema. Emily alichangisha fedha za msaada, akasafiri kwa meli, na Januari 1901 akaingia kambi ya Bloemfontein.

Humo aliona familia zimebanana ndani ya mahema yenye joto kali. Maji ya mto yalikuwa machafu na homa ya matumbo ilienea. Watoto walidhoofika na kufa mikononi mwa mama zao. Alipoomba sabuni, aliambiwa kuwa hiyo ni anasa. Hakukata tamaa, aliendelea kuomba hadi ikatolewa, ingawa kidogo.

Aliporudi nyumbani aliwaandikia viongozi taarifa ya yote aliyoyaona. Wengi walimwita msaliti. Serikali ilituma tume ya wanawake, yeye hakuwemo. Hata hivyo tume hiyo ilithibitisha mengi aliyoyasema. Oktoba 1901 alifika tena Cape Town, lakini alizuiwa kushuka na kurudishwa kwa nguvu. Vita vilipokwisha mwaka 1902, Makaburu zaidi ya 26,000 walikuwa wamefia kambini, wengi wao watoto. Waafrika nao walifungiwa katika kambi zao, wakafa kwa maelfu. Kambi hizo Emily hakuzitembelea.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisaidia kuwalisha watoto wenye njaa huko Leipzig, Ujerumani, nchi iliyokuwa adui wa taifa lake. Alifariki mwaka 1926. Majivu yake yalizikwa Bloemfontein, penye mnara wa ukumbusho wa wanawake na watoto waliokufa.

Msamaria hakuuliza kwanza kabila la majeruhi. Kwa Emily pia, mtoto mwenye homa hakuwa adui.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kumhurumia adui wakati watu wetu wenyewe wanaumia?

2. Emily aliziona kambi za Makaburu lakini hakufika katika kambi za Waafrika. Je, ni mateso ya nani yaliyo karibu nasi ambayo bado hatujayatazama?

3. Sabato hii, kundi lenu linaweza kumpelekea nani "sabuni"?