William Siemens, fundi aliyebadilisha chakula cha tanuru

Jina Siemens, watu wa Bukavu wamelisoma mara nyingi kwenye mashini: simu za zamani, vyombo vya hospitali, mota za umeme. Ni jina la familia moja ya Ujerumani. Kampuni ilianzishwa Berlin mwaka wa 1847 na kaka mkubwa, Werner. Lakini mdogo wake Carl Wilhelm, ambaye Waingereza walimuita William, ndiye aliyeacha kazi inayomgusa kila mtu anayeishi kwa moto: mchoma matofali, mchoma chokaa, mfua chuma. Maisha yake yote alihangaika na jambo moja: kwa nini moto mwingi hivi unapotelea angani?

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1823 katika kijiji cha Lenthe, karibu na mji wa Hannover. Baba alilima shamba la kukodi, na watoto walikuwa wengi. Mama akafa mwaka wa 1839, na mwaka uliofuata baba naye akaenda. Wakubwa wakabaki na mzigo wa kulea wadogo. Werner, aliyekuwa mwanajeshi, alimsimamia Wilhelm akasoma ufundi mjini Magdeburg, kisha mwaka mmoja hivi katika chuo kikuu cha Göttingen, kisha kazi katika kiwanda cha mashini.

Mwaka wa 1843, kabla hajafikisha miaka 20, alitumwa London kuuza ugunduzi wa Werner wa kupaka dhahabu na fedha juu ya chuma kwa nguvu za umeme. Franga zilihitajika nyumbani, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Inasimuliwa kwamba alitafuta mtu wa kumshikia shughuli yake, akaona bango barabarani lenye neno alilofikiri ndilo hilo, akaingia. Kumbe shughuli inayoshikwa pale ni ya maziko! Akatoka haraka. Mwishowe akafika Birmingham, na kampuni ya Elkington ikanunua ugunduzi.

Baadaye akahamia Uingereza moja kwa moja. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Alijaribu kutengeneza mashini ya mvuke inayohifadhi joto lake na kulitumia tena, akifuata wazo la Robert Stirling, mchungaji wa Scotland, la mwaka wa 1816. Mashini ilikula pesa na haikuleta faida. Kilichomlisha ni kipimo cha maji alichokibuni, kile cha kuonyesha nyumba imetumia maji kiasi gani.

Ni mdogo wao mwingine, Friedrich, aliyesema wazo lile liondolewe kwenye mashini ya mvuke na kuwekwa kwenye tanuru. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1856.

Jambo lenyewe si gumu kuelewa. Katika tanuru ya kawaida, ama furu ya matofali, moshi unatoka ungali na joto kali, na joto hilo ni kuni ama makala uliyokwisha kulipia. Ndugu hao waliweka vyumba vya matofali yaliyopangwa kwa kuachiana nafasi. Moshi ukapita chumba cha kwanza na kuacha joto lake kwenye matofali mpaka yakawa mekundu. Kisha fundi akageuza kifuniko: moshi ukaelekea chumba cha pili, na hewa mpya ikaingia kupitia kile cha kwanza. Hewa ikafika motoni imekwisha kuwa ya moto. Baada ya muda akageuza tena. Kwa njia hiyo moto ukapanda kiwango cha kuyeyusha chuma cha pua, na makala yakatumika kidogo.

Lakini shida ikabaki: makala ya mawe yenyewe. Majivu na vumbi vyake viliziba matofali na kuchafua kioo. Hapo William akafanya hatua yake kubwa, mwaka wa 1861: akayatoa makala nje ya tanuru kabisa. Aliyachoma pembeni kwa hewa kidogo, ili yasiungue yote bali yatoe gesi inayowaka. Gesi hiyo ikapita kwenye mfereji mpaka tanuruni. Makala mabaya, yale ya vumbi yasiyotakiwa na mtu, yakapata kazi. Kule Sweden, mafundi walifanya gesi ya namna hiyo kwa unga wa mbao, hata ukiwa na maji.

Kiwanda cha kioo cha Chance, karibu na Birmingham, kilikuwa kati ya vya kwanza kuikubali. Mwaka wa 1862, mwanasayansi mkubwa Michael Faraday, akiwa mzee, alieleza tanuru hii katika mhadhara wake wa mwisho wa Ijumaa jioni kwenye Royal Institution, London. Muda mfupi baadaye, Wafaransa wa familia ya Martin waliitumia kuyeyusha chuma huko Sireuil, na dunia ikapata njia ya Siemens-Martin.

William hakusimama kwenye gesi. Mwaka wa 1876 aliona maporomoko ya Niagara, akaanza kusema wazi kwamba nguvu ya maji ingeweza kusafirishwa mbali kama umeme. Mwaka wa 1879 alionyesha tanuru ndogo ya kuyeyusha chuma kwa umeme. Mwaka wa 1883 malkia alimpa cheo cha Sir. Tarehe 19 Novemba mwaka ule ule akafariki London, bila mtoto.

Miaka hiyo hiyo, viwanda vya Pittsburgh, Marekani, vilianza kupokea gesi asilia kutoka ardhini. Mafundi walijifunza jambo: gesi hii ukiipitisha kwenye matofali ya moto inavunjika na kuacha masizi. Basi waliacha kuipasha joto, wakapasha hewa peke yake. Ndiyo maana kubadilisha moto hakuishii kwenye kubadilisha bomba. Tanuru yenyewe lazima ifuate tabia ya chakula chake kipya.

Somo hilo lilifika mpaka ziwa Kivu. Huko Rubona, karibu na Gisenyi, tangu mwaka wa 1963 maji ya kilindini yalivutwa juu kwa bomba, gesi ikajitenga, ikaoshwa ili kupunguza ile isiyowaka, kisha ikachemsha maji ya mvuke ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kazi hiyo ilidumu kwa miaka 40 hivi. Leo, upande wa Rwanda, KivuWatt inatoa umeme kutoka gesi hiyo hiyo.

Upande wa Bukavu, mto Ruzizi unazungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo mbabula za Kadutu na Bagira bado zinakula makala, sehemu yake ikitoka msitu wa Kahuzi-Biega, na matofali ya kujengea mji bado yanachomwa kwa kuni. Gesi ya ziwa haitafika kwa mchoma matofali kesho. Ila kuzuia joto lisitoke na moshi hakungoji bomba: kunahitaji matofali yaliyopangwa vizuri, njia ya hewa, na fundi anayejua saa ya kugeuza kifuniko.