Kanoni Apolo na Imani



Sisi wakulima wa Singida twajua kuifukia mbegu ya uwele ardhini kabla ya kuona mvua. Lakini mvua isiponyesha, wengi wetu hunung'unika na kuuliza imani yetu imetufaa nini. Kwa hiyo tumkumbuke Kanoni Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Uganda karibu na mwaka 1864. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka ule ule akaenda Toro kuwa mwalimu wa dini. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akafika Mboga, ambayo leo imo nchini Kongo.

Huko hakupata raha. Mtawala Tabaro alimchukia, na watu wakakatazwa kumpa chakula. Kisha dada yake Tabaro akachomwa na mkuki kwa ajali, akafa. Apolo akashtakiwa, akafungwa minyororo, akatiwa gerezani huko Toro, naye hakuwa na hatia. Alisimulia baadaye kwamba katika siku za mateso alimwona Kristo, akatiwa moyo aendelee kuhubiri. Alipofunguliwa alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomtesa. Mwishowe Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Mwaka 1921, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, aliingia katika msitu mkubwa wa Kongo kuwapelekea Wambuti Habari Njema. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako Injili ilikuwa bado kuenea.

Basi, ndugu, tujiulize. Je, imani yetu ni kumdai Mungu mavuno? Apolo aliamini, na bado alilala njaa na kufungwa. Imani yake haikumwondolea taabu, ilimrudisha Mboga. Alimtegemea Bwana hata pale asipoona lolote la kumtia moyo, naye akafa akiutazamia msitu ambao hakuumaliza.

Mwaka wa njaa tusiache kusali, wala tusimfungie mlango jirani aliyetukosea. Tupande, tumsamehe, tumwachie Mungu mvua.

Bwana atuongezee imani. Amina.